Vihisi Vinne kwa Mwaka: Namna ya Kutumia Siku 14 za Kipima Sukari cha Kubandika

Kihisi kimoja cha sukari, kile kidude cha kubandika mkononi kinachosoma sukari usiku na mchana, kinakaa mwilini siku 14. Mwaka mzima unahitaji vihisi 26. Mimi napata vinne. Mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, hununua viwili viwili, na mtu yeyote anayekuja nyumbani hunibebea hadi Tanga. Wiki 44 zilizobaki natoboa kidole kama kawaida, mara nne kwa siku stripu za kupimia zikiwepo, mara mbili zikiadimika.

Nina kisukari aina ya kwanza, mwaka huu ni wa 22. Nafundisha Jiografia sekondari. Maelekezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa mtu anayetoa kihisi kimoja leo na kubandika kingine kesho. Huyo kihisi chake humlinda usiku na mchana. Sisi wa kimoja kimoja tunajifunza nacho, halafu tunabaki na tulichojifunza hadi kingine kije. Kwa hiyo namna yetu ya kukitumia ni tofauti, na kosa la siku moja kwetu ni hasara kubwa. Usione haya kuvaa kwa muda mfupi. Kifaa cha kwanza cha aina hii kilichoidhinishwa Marekani, mwaka 1999, kilivaliwa siku tatu tu, na mgonjwa hakuziona hata namba zake; daktari ndiye aliyezisoma baadaye. Kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kufundisha.

Kabla ya kufungua boksi

Ninachotumia ni FreeStyle Libre 2 na mashine yake ndogo ya kusomea, ile inayoenea kiganjani. Wenye Dexcom, kihisi cha kampuni nyingine, wataona mengi humu yanawafaa, ila vihisi vyao vingi hukaa siku 10 na hubandikwa kwa namna tofauti kidogo. Toleo la Libre 2 lenye jina la Plus hukaa siku 15.

Ukimwagiza ndugu aliye nje, mwambie anunue kihisi na mashine katika nchi moja na vya toleo moja. Mashine ya Libre ya kwanza haiwezi kuwasha kihisi cha Libre 2. Ukitaka kutumia simu badala ya mashine, hakikisha kwanza simu ina NFC, yaani uwezo wa kusoma kifaa kwa kusogezwa karibu nacho. Ingia kwenye mipangilio ulitafute neno hilo, maana simu nyingi za bei nafuu hazina. Jambo la pili ni programu yenyewe. Hutolewa kwa kila nchi na vihisi vyake, na kihisi cha nchi moja kinaweza kukataliwa na programu uliyoipakua ukiwa nchi nyingine. Ndiyo maana mimi nilimwomba mdogo wangu aninunulie mashine, ingawa iliongeza gharama. Ina kitundu cha stripu pia, kwa hiyo inapima kidole na kusoma kihisi. Kikija kifaa kutoka Marekani kitasoma kwa mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L tuliyoizoea kliniki: 180 ni 10, na 70 ni 3.9.

Joto la pwani ni adui wa vitu hivi. Soma kiwango kilichochapwa kwenye boksi. Langu mwisho wake ni nyuzi 25, na chumbani kwangu mwezi wa pili hufika 31. Nakiweka kwenye friji mlangoni, mbali na sehemu ya kugandisha, nikiwa nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Siku ya kubandika nakitoa mapema ubaridi ukiishe.

Halafu chagua wiki zako. Kihisi changu cha kwanza nilikibandika wakati wa likizo, nikaenda nacho Lushoto kwa shangazi. Kule ni baridi, nilikula mboga za milimani na kupanda vilima kila siku. Grafu ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na haikunisaidia chochote niliporudi Tanga kwenye joto, daladala na chai ya saa nne. Chagua wiki mbili za maisha yako ya kila siku, ukiwa kazini, ukila unachokula siku zote. Na ziangukie kabla ya tarehe ya kliniki, ili kilichoandikwa kifike kwa daktari kikiwa bado kibichi.

Weka tayari stripu angalau 20, daftari, plasta ya kitambaa na sukari. Kihisi hakiondoi kabisa kutoboa kidole. Nitaeleza.

Kubandika

Sehemu yake ni nyuma ya mkono wa juu, penye nyama laini kati ya bega na kiwiko. Chagua mkono usioulalia. Kaa mbali na kovu, na mbali na mahali unapochoma insulini, walau upana wa vidole viwili.

Sisi wa pwani tunajipaka mafuta tangu utotoni, na mafuta ndiyo yanayobandua vihisi. Siku hiyo usipake kitu mkononi. Oga kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato wala krimu, jifute, pitisha kile kitambaa chenye spiriti, kisha subiri ngozi ikauke kabisa. Nasema kabisa. Ukibandika juu ya unyevu, siku ya tano kitakuwa kinaning'inia.

Ndani ya boksi kuna vitu viwili: kikasha chenye kihisi na kifaa cha kubandikia. Angalia namba zilizoandikwa juu ya vyote viwili; lazima zifanane. Bandua karatasi ya kikasha, fungua kifuniko cha kifaa kwa kukizungusha, linganisha alama nyeusi za pande zote mbili, kisha kandamiza kifaa juu ya kikasha mezani mpaka kigote. Kiinue. Sasa sindano iko wazi ndani yake, kwa hiyo usikirudishie kwenye kikasha wala usikiweke kitandani. Peleka mkononi, kandamiza kwa nguvu mara moja, utasikia mlio. Subiri kidogo, ondoa kifaa taratibu. Sindano inarudi nayo, na mwilini unabaki uzi mwembamba unaolainika, urefu wake kama milimita 5. Pitisha kidole kuzunguka gundi yote. Maumivu ni madogo kuliko ya kutoboa kidole. Binti yangu ndiye aliyenibandikia mara ya kwanza na yeye ndiye aliyefumba macho. Tone la damu likitoka lifute, si neno. Damu ikiendelea kutoka, au maumivu yakizidi, kitoe.

Kisha washa mashine, chagua kuanza kihisi kipya, isogeze karibu na mkono. Hapa kuna jambo wengi wanaligundua wameshachelewa: kengele za sukari kushuka na kupanda huenda kwenye kifaa kilichowasha kihisi. Ukianza na simu, mashine haitaweza kukisoma kihisi hicho tena. Ukianza na mashine, bado unaweza kuiunganisha simu ndani ya saa moja ile ya kwanza, ila kengele zitabaki kwenye mashine. Amua kabla.

Namba ya kwanza inatokea baada ya dakika 60. Mimi huwasha saa moja jioni siku ya Ijumaa, kwa sababu saa 24 za mwanzo mwili bado unalalamikia ule uzi na namba huyumba. Jumamosi niko nyumbani, naipuuza. Jumapili usiku naanza kuiamini.

Kuhusu jasho: zungushia plasta ya kitambaa pembeni ukipenda, lakini kile kitundu kidogo cha katikati kiache wazi. Kuoga ni ruhusa. Kuogelea pia, kisizidi kina cha mita moja wala dakika 30. Ukipewa kipimo cha eksirei, CT au MRI, mwambie mtaalamu mapema, maana huenda kihisi kikatakiwa kutolewa kwanza.

Saa nane

Kihisi kina kumbukumbu ya saa nane tu. Kila unapokisoma, kinamwaga saa hizo nane kwenye mashine. Ukipitisha saa kumi bila kukisoma, saa mbili zimepotea na hazirudi. Soma dakika ya mwisho kabla ya kulala na dakika ya kwanza ukiamka. Mimi hulala saa nne, naamka saa kumi na moja, nabaki salama. Jumapili, unapolala zaidi, tega simu ikuamshe usome kisha urudi kulala.

Zaidi ya hapo soma kabla ya kula, saa moja baada ya kula, saa mbili, na saa tatu. Usikisome kila dakika tano. Nakuomba sana hili, kwa sababu ya yaliyonipata.

Mshale una maana kubwa kuliko namba

Pembeni ya namba kuna mshale. Ukilala, sukari inabadilika polepole, chini ya 0.06 kwa dakika. Ukiinama au kuinuka kidogo, ni kati ya 0.06 na 0.1. Ukisimama wima juu au chini, inazidi 0.1 kwa dakika, yaani ndani ya dakika 20 itakuwa imesogea kwa zaidi ya 2. Sasa fikiri: 6.0 yenye mshale uliolala, nenda kalale. 6.0 yenye mshale wa chini wima, kaa kitako utafute kitu kitamu, kwa sababu kabla hujamaliza kukunja nguo uko 4. Kidole kingekupa 6.0 ile ile mara zote mbili.

Kosa langu lilikuwa siku ya nne ya kihisi cha pili, nikiwa nyumbani. Nilikula wali wa nazi na samaki mchana, nikawa nasoma kila baada ya dakika tano. Mshale ukasimama. 11, 12, 13. Nilikuwa na chupa ya insulini ya haraka ya kushushia sukari ikipanda sana, nikachoma uniti 4. Baada ya dakika 40 bado 14. Nikachoma 4 nyingine. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa 2.6, nimeketi sakafuni jikoni, binti yangu ananinywesha soda.

Insulini ya haraka ya kawaida, ile iliyo angavu kama maji, huanza kufanya kazi baada ya nusu saa, inafika kileleni saa mbili hadi tatu, na inabaki mwilini saa sita hadi nane. Dozi yangu ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutembea nilipoijazia ya pili. Anayetoboa kidole hapati jaribu hili, kwa sababu haoni. Wewe utaona, na mkono utawasha. Kwa hiyo weka sharti na nafsi yako kabla hujabandika: dozi za ziada ni zile tu ulizopangiwa na daktari, kwa masaa aliyokupangia. Mshale peke yake usikuchomeshe sindano.

Na kuna kuchelewa. Kihisi hakisomi damu. Kinasoma majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hufika kule dakika 5 hadi 10 baada ya kufika kwenye damu. Sukari ikiwa imetulia, tofauti huioni. Ikiwa inakimbia, kihisi kinakueleza habari za nyuma. Hili ni muhimu kuliko yote pale sukari inaposhuka. Chini ya 3.9, chukua gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya 300 ml isiyo ya dayati. Subiri dakika 15. Kihisi kitaendelea kukuonyesha chini, na hofu itakusukuma umalize chupa nzima. Usikifuate kihisi, hapo pima kidole. Mara nyingi kidole kinasema 4.8 wakati kihisi bado kinasema 3.5. Ukikifuata kihisi, saa moja baadaye uko 15. Mtu akishapoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Usiku wako usioujua

Kwa miaka yote nilichoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, asubuhi na jioni kabla ya kula. Asubuhi kidole kilisema 6.8, au 7.2. Kliniki walinisifu. Sista alikuwa akiniambia, "Mwalimu, wewe ni mfano kwa wenzako." Niliamka shingo imelowa jasho na kichwa kinagonga, nikalaumu joto na feni mbovu.

Usiku wa tatu wa kihisi, kengele ililia saa nane na robo. 3.4. Usiku wa nne sikuisikia, kwa sababu mashine nilikuwa nimeiacha sebuleni. Kengele hufika umbali wa mita 6 hivi kama hakuna ukuta, kwa hiyo iweke chini ya mto au kwenye stuli kando ya kitanda. Asubuhi nikaona mstari wenyewe. Tangu saa saba hadi saa tisa na nusu usiku nilikuwa chini ya 3.5, kisha mwili ukapanda wenyewe hadi 7 saa kumi na moja. Ile 7 nzuri niliyosifiwa ilikuwa na saa mbili na nusu za hatari nyuma yake, na bila shaka ilikuwa hivyo kwa miaka.

Sababu niliieleweshwa baadaye. Asilimia 70 ya mchanganyiko ule ni insulini ya muda wa kati, ya maziwa, ambayo nguvu zake hufika kileleni saa kadhaa baada ya kuchomwa. Ukichoma saa moja jioni, kilele kinakukuta katikati ya usiku ukiwa huna chakula tumboni. Daktari alinitenganishia: ya haraka kabla ya chakula cha jioni, ya muda wa kati saa nne usiku wakati wa kulala, na dozi ikapunguzwa. Kilele kikasogea alfajiri, wakati mwili wenyewe unapandisha sukari kujiandaa kuamka.

Kwa hiyo, usiku tatu za mwanzo usibadilishe kitu chochote. Kula ulichokuwa unakula, choma ulichokuwa unachoma, ilimradi usiache kutibu sukari ikishuka. Ukianza kujirekebisha siku ya kwanza utauficha ugonjwa ulioutafuta. Kengele ya chini naiweka 4.5 badala ya 3.9 iliyokuja nayo, inipe nafasi ya kuamka.

Chakula, kimoja kimoja

Kuanzia siku ya nne hadi ya kumi ndio muda wa kujaribu chakula. Sheria yangu: mlo mmoja wa jaribio kwa siku, insulini ile ile, saa ile ile, na nianze sukari ikiwa kati ya 5 na 8. Nisipoanza hapo, jaribio naliahirisha. Kipimo cha chakula kiwe kimoja siku zote. Natumia bakuli moja la plastiki la kijani, na kila mtu nyumbani amekatazwa kuligusa.

Daftari lina safu nne: saa, nilichokula na kiasi, uniti nilizochoma na dakika nilizosubiri, na nilichokuwa nafanya. Usiruke hiyo ya mwisho. Mstari usio na maelezo ukiutazama baada ya wiki hukumbuki kama ulipanda kwa ajili ya mihogo au kwa ajili ya ugomvi wa ofisini.

Yaliyonishangaza nayaandika, ukijua ni ya mwili wangu na wako utasema lake. Uji wa ulezi, ambao kila mtu aliniambia ni chakula cha wenye kisukari, ulinitoa 6.8 hadi 14.9 ndani ya saa moja. Ni unga laini ulioiva kwenye maji, hauna cha kuuchelewesha tumboni. Mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga ilipanda polepole na kuishia 10. Wali wa nazi ni mjanja: saa moja baadaye uko 8 na unajipongeza, saa tatu baadaye uko 13, kwa sababu mafuta ya nazi huchelewesha wanga. Ndio ulioniponza siku ile. Ugali bakuli lile lile, nikianza na mchicha na dagaa kwanza ugali ukafuata, ulipanda chini ya ule niliouanza kwa tonge, kwa zaidi ya 2.

Jaribio lenye faida kubwa halikuwa la chakula kabisa. Nilikula mlo mmoja siku mbili, nikachoma dozi moja. Siku ya kwanza nilichoma na kukaa mezani papo hapo kama nilivyozoea. Ya pili nilisubiri dakika 30. Kilele kilishuka kutoka 13.8 hadi 10.2. Nilikuwa nimeambiwa kusubiri nusu saa tangu wiki ya kwanza ya ugonjwa. Sikuwahi kuamini mpaka nilipouona mstari. Ila usisubiri kama sukari tayari iko chini au hujui chakula kitaiva saa ngapi.

Jaribu pia kile unachotaka kukiacha. Nilitaka kuacha andazi la chai ya saa nne shuleni. Siku niliyoliacha, saa tano na nusu nikiwa mbele ya kidato cha tatu, kengele ililia: 4.3, mshale wa chini. Insulini ya asubuhi ilikuwa inalitarajia lile andazi. Kuacha andazi kulihitaji daktari apunguze dozi kwanza. Na jaribu kutembea dakika 20 baada ya chakula cha mchana. Kwangu ilishusha kilele kuliko dawa yoyote ya mitishamba niliyowahi kuuziwa.

Mama yangu ana aina ya pili na anatumia vidonge. Nilimpa kihisi kimoja mwezi wa Shaaban ili daktari wake aone kama anaweza kufunga. Alikubaliwa, kwa masharti: ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 anafungua hapo hapo. Kusoma kihisi wala kutoboa kidole hakubatilishi saumu, hilo alihakikishiwa na akatulia. Mimi daktari alinikataza kufunga, nami natoa fidia.

Kihisi kinapokosea

Ukiulalia mkono, damu na majimaji hupungua pale na kihisi kinasoma chini kwa uongo. Niliwahi kuamshwa na 3.1, kidole kikasema 6.4. Nikageuka upande wa pili, baada ya robo saa kikarudi 6. Mstari wa namna hiyo unaujua kwa umbo: unaporomoka ghafla kama ukuta na kuinuka ghafla vile vile. Sukari ya kweli hushuka kwa mteremko.

Vitamini C ya dozi kubwa, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, inaweza kuifanya Libre isome juu kuliko ukweli. Vile vidonge vinavyochemka kwenye glasi wakati wa mafua vina 1000, hebu soma kopo. Kwa wenye Dexcom, haidroksiyurea wanayotumia wenye selimundu hupandisha namba kwa uongo, kwa hiyo mtu mwenye maradhi yote mawili amwambie daktari kabla.

Na kanuni ya kidole ni hii: mwili ukisema kimoja na kihisi kikasema kingine, pima kidole na ukifuate kidole. Unatetemeka, jasho jembamba linakutoka, midomo inachonyota, na mashine inasema 7? Pima.

Karatasi moja ya daktari

Foleni ya kliniki unaijua. Ukifika mbele una dakika chache, na daktari hana muda wa kupekua mashine yenye siku 90 za namba. Mimi ni mwalimu wa ramani na grafu, nachukua karatasi ya grafu moja. Mlalo ni saa 24, wima ni sukari kutoka 2 hadi 20. Nachora siku tatu zinazofanana kwa rangi tatu, na mistari miwili iliyonyooka kwenye 3.9 na 10. Juu naandika namba tatu kutoka kwenye mashine: asilimia ya muda nilio kati ya 3.9 na 10, asilimia ya chini ya 3.9, na asilimia ya juu ya 10. Lengo la wataalamu wa kimataifa tangu 2019 kwa watu wazima wengi ni zaidi ya 70 katikati, na chini isizidi 4. Kwa wazee na wanaoshuka bila dalili, malengo hulegezwa ili wasishuke. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa 48 katikati na 11 chini. Ya mwisho, 66 na 3.

Chini ya grafu andika swali moja. Moja tu. La kwanza langu lilikuwa: "Kwa nini nashuka saa nane usiku?" Daktari aliishika ile karatasi, akaitazama kimya, akavuta kiti mbele. Hakuwa amewahi kuuona usiku wangu, kama mimi nilivyokuwa sijauona.

Siku nne za mwisho ziachie badiliko moja ulilokubaliana na kliniki, hata kwa simu, ili kihisi kikuonyeshe kama limekubali. Ndiyo sababu nashauri umtafute daktari au sista siku ya kumi, usingoje kihisi kiishe.

Siku ya 14

Kinaisha dakika ile ile kilipowashwa, hakiongezi hata saa. Andika saa hiyo juu ya boksi tangu siku ya kwanza. Kikishaisha, kilichomo ndani huenda kisisomeke tena, kwa hiyo kisome nusu saa kabla. Paka mafuta ya nazi kwenye gundi, subiri dakika tano, bandua kuanzia ukingoni. Ngozi ikiwa nyekundu itatulia. Ikiwasha sana au ikitoa majimaji, onyesha kituo cha afya, na kingine uweke mkono mwingine.

Ndani ya kihisi kuna betri, kwa hiyo usikichome kwenye takataka. Kifaa cha kubandikia kina sindano. Mimi navitia vyote kwenye lile dumu gumu la plastiki ninaloweka sindano za insulini na kulipeleka kliniki likijaa. Asubuhi inayofuata toboa kidole mapema na uandike kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata, kwa safu zile zile nne.